Unatafuta kazi ya kubeba mizigo hotelini? Ujue kwanza mgongo wako

Kila msimu wa watalii unapokaribia, hoteli za Pwani kuanzia Diani hadi Watamu hutafuta vijana wa kubeba mizigo ya wageni. Kazi yenyewe haihitaji digrii. Mwajiri hutaka mtu nadhifu, mwenye cheti cha Kidato cha Nne, anayezungumza Kiswahili na Kiingereza bila wasiwasi na, ikiwezekana, anayejua maneno machache ya Kijerumani au Kiitaliano. Baada ya hapo humtazama mabega. Yakiwa mapana, kazi amepata.

Ikiwa wewe, msomaji, unapanga kuomba kazi hiyo, au una kijana wako anayeitaka, au tayari unaifanya na kila jioni unarudi nyumbani umeshika kiuno, makala haya yanakuhusu. Mabega mapana si kitu kibaya. Lakini siyo yanayoamua iwapo mtu ataifanya kazi hii kwa miaka 20 au kwa miwili. Tena nguvu nyingi za mikono huweza kumponza mwenyewe, kwa maana humshawishi ainue peke yake mzigo ambao mgongo wake haukuumbwa kuubeba.

HESABU YA BASI MOJA

Hebu tufanye hesabu ndogo. Basi limetoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, likiwa na watalii 20. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida sanduku la kilo 23. Tuchukue kwamba kila mmoja amekuja na sanduku la kilo 20. Hizo ni kilo 400.

Sasa fuata sanduku moja. Linatolewa kwenye buti la basi na kuwekwa chini. Linainuliwa kutoka chini na kupandishwa kwenye toroli. Linateremshwa mlangoni pa chumba. Mwishowe linainuliwa tena na kuwekwa juu ya kibao cha mizigo ndani ya chumba. Limeshikwa mara nne. Kwa hivyo kilo 400 za basi zimekuwa kilo 1,600. Wachukuzi wakiwa wawili, kila mmoja ameinua na kuteremsha kilo 800, ambazo ni karibu sawa na magunia tisa ya mahindi ya kilo 90, na huenda kazi yote ikamalizika wageni wakiwa bado wanakunywa madafu pale mapokezini. Alasiri linakuja basi jingine.

Kiwango hicho cha kilo 23 si kigeni kwa wataalamu wa afya ya wafanyakazi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, iliporekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo pale ambapo hali zote ni nzuri: mzigo uwe karibu na mwili, uinuliwe kutoka usawa ambao mikono hufikia ikining'inia, mtu asijipinde upande, mshiko uwe imara na kazi isirudiwe mara nyingi. Hali moja ikiharibika, kikomo kinashuka. Kwa mfano, mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya sentimita 25, kikomo huwa nusu, yaani kilo 11 na nusu.

Wewe mwenyewe umewahi kuona buti la basi au la gari la watalii. Je, kuna sanduku ndani yake linaloweza kushikwa likiwa karibu na mwili? Mchukuzi huinama, akanyoosha mikono hadi mwisho, akavuta, kisha akageuka na mzigo mkononi. Ameharibu hali tatu kwa mpigo. Mizigo iliyofungwa juu ya gari nayo huja kutoka juu ya kichwa, jambo ambalo ni baya vilevile kwa mabega na shingo.

MGONGO HUFANYA KAZI GANI?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazosogea: saba za shingo, 12 za kifuani na tano za kiunoni. Katikati ya pingili na pingili kuna kipande kinachoitwa diski. Nje yake ni pete ngumu ya nyuzinyuzi, na ndani mna kitu laini mfano wa jeli. Kazi ya diski ni kupokea uzito na kuruhusu mgongo upinde. Zile mbili za chini kabisa, karibu na nyonga, ndizo hubeba uzito mkubwa zaidi, na ndizo huleta matatizo mengi zaidi.

Ili uelewe kinachotokea, chukua pakiti ya unga ya kilo mbili. Ikumbatie kifuani. Huhisi chochote. Sasa inyooshe mbele kwa mikono yote miwili na uhesabu hadi 60. Kabla hujafika mwisho mabega yanawaka na kiuno kimekaza. Unga haukuongezeka hata punje. Kilichoongezeka ni umbali.

Misuli inayoushika mgongo iko sentimita chache tu nyuma ya katikati ya uti. Mzigo ulio sentimita 50 mbele uko mbali mara kumi hivi kuliko misuli hiyo. Kwa hivyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo karibu mara kumi ya uzito wa mzigo ili usianguke kifudifudi, na nguvu yote hiyo huishia kuzibana diski. Sanduku la kilo 20 likiwa mbali na mwili linaweza kuzibana kwa nguvu inayokaribia kilo 200, na bado hatujaongeza uzito wa kiwiliwili chako kilichoinama.

Siku moja haivunji kitu. Ndiyo sababu kijana wa miaka 22 humcheka mwenzake anayepiga magoti kabla ya kuinua. Lakini ile pete ya nje huchanika kidogo kidogo, haba na haba, bila maumivu makubwa, maana sehemu ya ndani ya diski haina neva. Tena diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha. Hupata chakula chake kwa kunyonya majimaji kutoka pembeni, kwa hivyo kidonda chake hupona polepole mno. Siku pete ikiachia, jeli hujitokeza na kugusa neva inayoelekea mguuni. Hapo mtu husikia kama waya wa moto kutoka tako hadi unyayoni. Mara nyingi mzigo uliomaliza kazi ni mdogo, pengine mkoba tu wa mkononi, na mgonjwa hushangaa jinsi mkoba ulivyomvunja mgongo.

Jambo moja ambalo wachukuzi wengi hawaambiwi ni kuhusu alfajiri. Usiku tunapolala, diski hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana binadamu huamka akiwa mrefu kuliko alivyokuwa jioni, kwa sentimita moja hivi. Diski iliyojaa maji ni ngumu, na ukiinama inabanwa zaidi kuliko mchana. Sasa fikiria ratiba ya hoteli. Wageni wanaokwenda Tsavo au wanaowahi ndege huondoka saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi. Mchukuzi ameamka dakika chache zilizopita kwenye chumba cha wafanyakazi, na kazi yake ya kwanza ni kuinama ndani ya buti. Ukiwa na zamu ya alfajiri, amka mapema kidogo na utembee walau nusu saa kabla ya mzigo wa kwanza. Usifanye mazoezi ya kuinama na kugusa vidole vya miguu wakati huo. Kutembea kunatosha.

NAMNA YA KUINUA

Kwanza upime. Lisukume sanduku kwa mguu au uliinue pembe moja. Mgongo huumia vibaya unapodanganywa, ukidhani mzigo ni mwepesi kumbe una vitabu au chupa za divai. Tazama pia kibandiko cha ndege, kwa kuwa mashirika mengi huweka alama maalumu kwenye sanduku lililozidi kilo 23. Kwa kawaida hayapokei sanduku moja la zaidi ya kilo 32, na sababu ni migongo ya wapakiaji.

Usogelee mzigo hadi ukugusane nao. Ukiwa ndani ya buti, uvute kwanza hadi ukingoni, ndipo uinue. Tanua miguu, mmoja mbele kidogo. Kunja magoti na nyonga, kifua kikiwa kimeelekea mbele, kisha usimame kwa nguvu ya mapaja, sanduku likiwa limekugusa tumbo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kugeuza kiuno huku miguu imebaki pale pale ndiko kunakochana ile pete ya diski, hasa ukiwa umeinama.

Toa pumzi unapoinua. Watu wengi hufunga pumzi na kukaza tumbo kama wanaosukuma gari lililokwama. Kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla, na pia husukuma utumbo dhidi ya sehemu dhaifu za ukuta wa tumbo. Wanaume wengi wana sehemu dhaifu kama hiyo kwenye kinena, na ndipo ngiri hutokeza.

Mabegi mawili mepesi, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja zito upande mmoja. Ikibidi uwe na moja, badilisha mkono. Na toroli isukumwe, isivutwe. Mizigo mizito ikae chini, wala usiipange hadi ikuzibe macho.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wakufunzi wengine hawalipendi. Mafunzo haya ya kuinua, peke yake, hayatoshi. Uchunguzi wa kundi la Cochrane uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya tafiti nyingi kuhusu mafunzo ya aina hii, na haukupata ushahidi kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Na ile mikanda mipana ya kiunoni ambayo baadhi ya wafanyakazi hujinunulia? Utafiti wa NIOSH miongoni mwa wafanyakazi wa maduka makubwa ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, haukuona kwamba wanaoivaa huumia mgongo mara chache kuliko wasioivaa. Mkanda hukupa moyo wa kuinua zaidi, na hilo si jambo la kujivunia.

Sababu si ngumu kuelewa. Mtu anaweza kujua kuinua vizuri kama mwalimu, lakini buti ni lile lile refu, toroli ni moja na gurudumu lake limekufa, na kuna wageni 20 wanaongoja. Kwa maoni yangu, basi, uwezo wa kwanza wa mchukuzi ni kujua mzigo upi si wake peke yake, na kuwa na ulimi wa kusema hivyo. "Samahani mama, begi hili ni zito, naomba nikaitie mwenzangu." Hakuna mgeni anayekasirika akiambiwa hivyo kwa heshima. Na kwa mwenzako: "Kaka, nishikie upande huo." Sekunde kumi zimepita.

BAKSHISHI NA MGONGO

Kwa nini basi maneno hayo mepesi hayasemwi? Uliza mchukuzi yeyote atakwambia. Bakshishi. Mgeni humpa pesa yule aliyemfikishia mizigo mlangoni. Ukimwita mwenzako, mtagawana. Ukipanda ngazi mara moja na mabegi manne, unarudi chini upesi kumdaka mgeni mwingine kabla hajachukuliwa. Kwa mwenye mshahara mdogo na watoto shuleni, shilingi mia mbili za sasa zina sauti kubwa kuliko diski itakayochanika miaka mitano ijayo.

Kuna hoteli ambazo zimelitatua jambo hili kwa kuweka sanduku moja la bakshishi linalofunguliwa mwisho wa juma na kugawanywa kwa wote wa zamu. Wengine hulalamika kwamba wavivu wanakula jasho la wenye bidii, na huenda kuna ukweli. Lakini kwa upande wa afya sioni dawa bora. Pesa zikiwa za wote, mzigo nao huwa wa wote.

Mandhari pia yana neno. Katika hoteli za ghorofa za Nairobi mchukuzi ana lifti na sakafu laini. Pwani, vyumba vingi vimetawanyika bustanini, vingine vimejengwa juu ya mwamba wenye ngazi, na njia ni za mchanga au kokoto ambamo magurudumu madogo ya toroli huzama. Matokeo yake mzigo hubebwa begani kwa mita mia mbili. Toroli yenye magurudumu makubwa ya kujazwa upepo, mfano wa yale ya baiskeli, hupita mchangani bila taabu, na kijia cha mteremko wa saruji kando ya ngazi tatu si gharama ya kumfilisi mwenye hoteli.

UWEZO MWINGINE

Kazi hii inahitaji macho na kumbukumbu kuliko watu wanavyodhani. Sanduku jeusi lililopelekwa chumba 214 badala ya 241 litabebwa mara mbili zaidi, kwa hivyo kusoma vibandiko sawasawa ni kuuhurumia mgongo. Kama unasoma ukikunja uso, kapimwe macho. Masikio pia yawe mazima, kwa kuwa utafanya kazi kati ya magari yanayorudi nyuma.

Miguu ndiyo husahauliwa kabisa. Mchukuzi husimama au kutembea zamu nzima, mara nyingi akiwa na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli ngumu kwa sababu sare inataka ving'ae. Kisigino huanza kuuma, hasa asubuhi unapokanyaga chini mara ya kwanza, na mishipa ya damu ya miguuni huweza kuvimba na kujikunja. Tafuta kiatu cheusi chenye soli ya mpira na nafasi ya vidole. Nenda ukakipime jioni, wakati miguu imevimba kidogo, maana kiatu kinachokutosha saa tatu asubuhi kitakubana saa kumi. Usipokuwa na mgeni, usisimame kama mlingoti. Tembea hatua chache, au panda na kushuka kwa vidole vya miguu ili misuli ya ndama irudishe damu juu.

Joto la Pwani lina unyevu, na jasho halikauki upesi, kwa hivyo mwili hushindwa kujipoza. Ongeza koti la sare lenye vifungo vya dhahabu na hapo kizunguzungu si ajabu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mwanzo wa zamu, usingoje kiu. Mkojo wenye rangi ya manjano iliyokolea ni ishara kwamba umechelewa.

Wanawake nao wanaifanya kazi hii, na kanuni ni zile zile, ila mjamzito asipewe mizigo mizito. Mwenye shinikizo la damu, ngiri au aliyewahi kupasuliwa mgongo azungumze na daktari kabla ya kuanza. Hilo halimaanishi kwamba atakataliwa. Kuna kazi kwenye mapokezi, ya kupokea, kuelekeza na kuandika mizigo, inayohitaji akili ile ile.

UKIUMIA

Maumivu mengi ya kiuno yanayotokea ghafla hupungua ndani ya wiki chache, wala hayahitaji picha wala upasuaji. Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani wiki mbili. Siku hizi madaktari hawashauri hivyo, kwa kuwa misuli hudhoofika na maumivu hukaa zaidi. Pumzika siku moja au mbili ikiwa lazima, kisha anza kutembea polepole na kurudia shughuli nyepesi.

Jihadhari na sindano na vidonge vya duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi, lakini mtu anayevimeza kila siku ili aweze kuingia zamu anajitafutia vidonda vya tumbo na madhara ya figo, tena vinamwezesha kuendelea kujiumiza bila kuhisi.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa unahisi ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, ikiwa mkojo umekataa kutoka au unatoka bila hiari, au ikiwa miguu yote miwili inalegea. Maana yake neva za chini ya uti zimebanwa, na zikicheleweshwa huweza zisirudi. Uvimbe kwenye kinena unaorudi ndani ukilala ni ngiri. Ukiwa mgumu, ukauma na ukaanza kutapika, hiyo ni dharura ya upasuaji. Na maumivu ya mgongo yaliyodumu majuma mengi, yasiyotulia hata usiku, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, yasihusishwe na masanduku tu. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na kina dawa.

Ujue vilevile haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaelekea kumdhuru. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inataka mwajiri aarifiwe ajali, kwa maandishi au kwa mdomo, naye aipeleke taarifa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika siku saba. Dai la fidia liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Ushauri wangu ni kwamba uandike, ubaki na nakala, na umwambie daktari tarehe, saa na mzigo wenyewe ulikuwa upi ili aviweke katika cheti. Wengi hunyamaza wakidhani maumivu yatapita, na yasipopita hakuna karatasi inayoonyesha yalianzia wapi. Wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA, na afisa wa tawi huweza kukuongoza.

Kisha ukiitwa kwa mahojiano, nawe uwe na maswali yako. Toroli ziko ngapi, na magurudumu yanazunguka? Vyumba vya mbali viko umbali gani, na njia ni ya nini? Bakshishi zinagawanywaje? Je, aliyefunga zamu saa sita usiku ndiye atakayeamshwa kwa basi la saa kumi na moja? Meneja akikuambia uinue sanduku lililo pale pembeni ili azione nguvu zako, usilirushe begani. Lisukume kwanza kwa mguu usikie uzito wake, kisha umuulize toroli iko wapi.